Wimbi la Mashua na Mwanafunzi wa Ubao

(Maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni, kwa matumizi ya madarasa ya watu wazima. Kabla ya somo kuanza, mwalimu wa darasa awaandikie wanafunzi maneno haya manne: omo, tezi, farumi, rafadha.)

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya wimbi. Si lile wimbi la bahari linaloletwa na upepo, bali wimbi linalozaliwa na chombo chenyewe kinapopita majini.

Tutalitazama wimbi hilo katika mchezo mmoja uliotoka Marekani, nao huitwa wekibodi. Mtu hufunga miguu yake yote miwili juu ya ubao mmoja, akasimama kwa ubavu, akashika kamba, na mashua ya injini ikamvuta. Ubao huu si ule wa kuandikia hapo mbele yenu. Ni ubao mwepesi, mrefu kidogo kuliko kifua cha mtu aliyesimama. Wapo watakaouliza, "Mchezo wa matajiri unatuhusu nini sisi?" Swali ni la haki. Unatuhusu kwa sababu wageni wa hoteli za pwani hupenda kuvutwa majini, na anayeshika usukani mara nyingi ni kijana wetu. Mgeni akivunjika mguu, ataulizwa yeye. Tena wimbi linalomwangusha mwanafunzi wa ubao ni lile lile linalojaza maji mtumbwi wa mvuvi aliye kando. Mwenye kulijua wimbi lake huwafaa wote wawili.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1922, katika ziwa Pepin huko Minnesota, kijana mmoja jina lake Ralph Samuelson alifaulu kusimama juu ya mbao mbili akivutwa na mashua. Huo ndio mwanzo wa kuteleza majini juu ya mbao mbili kwa kuvutwa. Mwaka 1985 Tony Finn wa California alitengeneza ubao mmoja mpana wa kuvutwa. Halafu mwaka 1990 Herb O'Brien, mtengenezaji wa vifaa vya michezo ya majini, akatoa ubao usioelea sana. Jambo hili la mwisho lilikuwa kubwa kwa wanaoanza. Mbao za kwanza zilielea mno, na mtu aliyekaa majini alihangaika kuuzamisha ubao chini ya miguu yake. Ubao wa O'Brien ulikubali kuzama kidogo, na hata mtu dhaifu akaweza kuanza.

Sasa tuje kwenye maneno yetu. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Tezi ni sehemu ya nyuma. Farumi ni mzigo unaowekwa chomboni kwa ajili ya uzito tu, si kwa biashara; manahodha wa majahazi walitia mawe au mchanga. Rafadha ni ile pangaboi inayozunguka chini ya maji na kukisukuma chombo. Siku hizi wengi huiita propela.

Wimbi la mashua huzaliwaje? Chombo kikielea, husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kikisimama, maji hayo hutulia kukizunguka. Kikienda, sharti maji yapishe mbele na kurudi nyuma kila mara. Omo huyasukuma, yakainuka. Tezi huacha shimo, na maji ya pande zote mbili hukimbilia kulijaza, yakagongana, yakapanda juu. Hapo nyuma ya tezi ndipo wimbi letu linapoanza. Hutoka kwa pande mbili, kulia na kushoto, likifanya umbo la herufi V ambayo ncha yake ni mashua. Katikati ya V hiyo pana povu la rafadha. Tuliite umbo hilo lote mkia wa mashua.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza habari za mkia huu mwaka 1887. Alionyesha kwamba katika maji ya kina, pembe ya V kutoka upande mmoja hadi wa pili ni kadiri ya digrii 39, na kwamba bata aogeleaye na meli kubwa hufanya pembe ile ile. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Ufaransa, Marc Rabaud na Frédéric Moisy, waliongeza neno: vyombo vinavyokwenda kasi sana kwa urefu wao huonekana kuwa na mkia mwembamba zaidi ya huo.

Lakini dereva wa mashua ana haja zaidi na jambo jingine, nalo ni urefu wa wimbi. Kwa urefu nina maana ya nafasi toka kilele kimoja mpaka kilele kinachofuata, si kimo cha wimbi. Chombo kikienda kilomita 10 kwa saa, mawimbi yanayokifuata moja kwa moja nyuma yake huwa na urefu wa mita 5 hivi. Kikienda kilomita 20 kwa saa, urefu ni mita 20 hivi. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Mwendo umezidi mara 2, lakini wimbi limezidi mara 4. Kikifika kilomita 30 kwa saa, wimbi lina urefu wa mita 44 hivi.

Basi fikirini mashua ya mchezo huu. Sehemu yake iliyo majini ina urefu wa mita 6 na nusu hivi. Ikitambaa polepole, wimbi lake ni fupi kuliko yenyewe, nayo hukaa juu ya vilele kadhaa bila taabu. Ikifika kilomita 11 na nusu kwa saa, wimbi limekuwa na urefu sawa na mashua: kilele kimoja omoni, kingine tezini, na bonde katikati. Dereva akizidisha mafuta kidogo, wimbi huwa refu kuliko mashua. Tezi huangukia bondeni na omo hubaki kilimani. Mashua sasa inapanda kilima chake yenyewe, na kila ikipanda, kilima kinakwenda nayo.

Hali hii mmekwisha kuiona, hata kama hamkujua sababu yake. Boti ya injini inapoondoka gatini, omo huinuka juu, dereva haoni mbele, injini hunguruma, na nyuma kunakuwa na mlima wa maji. Mimi napenda kusema kwamba hapo mashua inalima maji, maana kweli ni kama jembe lililoingia ndani mno. Nguvu nyingi zinatumika na mwendo ni mdogo. Nguvu hizo haziendi bure: zinaingia katika wimbi. Ndiyo sababu wimbi kubwa kupita kadiri hutoka katika mwendo huu wa kati, yaani kama kilomita 12 mpaka 20 kwa saa, kufuata mashua yenyewe. Dereva akiendelea kuongeza mafuta, tezi hupata nguvu ya kupanda, omo hushuka, na mashua huanza kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima. Hapo mkia hunyooka, kingo zake zikawa laini.

Sasa tumfikirie mwanafunzi. Hodari wa mchezo huu hupenda kuvutwa kwa kilomita 34 mpaka 39 kwa saa, na hutaka wimbi kubwa ili aruke juu. Mwanafunzi hawezi mwendo huo. Ukingo wa mbele wa ubao ukinasa majini, huanguka kifudifudi ghafula, na kwa mwendo mkubwa maji huwa magumu kama sakafu. Kiwambo cha sikio huweza kupasuka, na kwa kuwa miguu imefungwa ubaoni, goti na kifundo cha mguu huweza kuumia. Kwa hiyo mtu mzima anayeanza huvutwa kwa kilomita 26 mpaka 30 kwa saa, na mtoto mwepesi hata kwa 22 mpaka 25.

Lakini je, mmeona mtego uliopo hapa? Mwendo wa mwanafunzi umekaa karibu sana na ule mwendo wa kulima. Umepita mpaka kwa hatua chache tu. Mashua nyepesi ikienda kilomita 28 kwa saa huteleza vizuri. Mashua ile ile ikipakiwa mzigo mzito, kwa mwendo ule ule, haijapata nguvu ya kupanda, bado inalima. Mwanafunzi atakuta nyuma yake kuta mbili za maji, fupi, zilizosimama wima, vilele vyake vikianguka na kuwa povu. Akijaribu kuvuka ukuta huo, ubao husimama kwa ghafula, yeye akaendelea.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya dereva wa wanafunzi ni kinyume cha kanuni ya dereva wa mabingwa. Ondoa farumi. Mashua za siku hizi za mchezo huu zina matangi chini ya sakafu, au mifuko mikubwa ya maji, na pampu ya kuijaza na kuimwaga. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo 1. Mifuko 3 yenye lita 180 kila mmoja ni kilo 540, sawa na kupakia watu wazima 7 au 8 wasioonekana. Bingwa huitaka mifuko hiyo ijae. Kwa mwanafunzi, yote imwagwe, na ihakikishwe kwamba imekauka kweli, maana mfuko uliobaki nusu ni mbaya: maji hukimbia huku na huku, na mashua hulala upande.

Watu waliomo nao ni farumi, tena farumi inayotembea. Marafiki wanne wa mwanafunzi hupenda kukaa nyuma kabisa ili wamwone na kumcheka. Uzito wao wote ukawa tezini, tezi ikazama, na mkia ukawa mrefu wa kimo na mkali. Waambieni kwa heshima, "Jamani, sogeeni mbele kidogo." Uzito ukija katikati na mbele, mashua hupata kulala sawasawa, huanza kuteleza mapema, na wimbi hupata mteremko wa pole kama njia ya kupanda kilima kidogo. Lakini wasijazane wote omoni. Omo iliyolemewa huweza kuchota maji, hasa dereva anapopunguza mwendo ghafula, wimbi lake likamfikia kutoka nyuma na kumwinua tezi. Mashua zimezama kwa njia hiyo katika maji matulivu kabisa.

Tena upande wa kulia na wa kushoto uwe sawa. Dereva mwenyewe hukaa upande mmoja, basi abiria wa kwanza akae upande wa pili. Kisha tazama nyuma. Kama wimbi la upande mmoja ni safi na la upande wa pili linamwaga povu, mhamishe mtu mmoja, endesha tena, tazama tena. Kazi hii ni ya macho na subira, kama kuweka mizani ya sokoni.

Mashua nyingine zina kibamba cha chuma tezini, kinachoteremshwa kwa kubonyeza kitufe. Kibamba kikishuka, maji hukisukuma juu, tezi huinuka, omo hushuka, na wimbi hupungua. Kwa mwanafunzi ni msaada mzuri. Lakini kuna kifaa kingine kinachofanana nacho kwa macho na kufanya kinyume chake, maana huivuta tezi chini ili wimbi likue. Ujue mashua yako ina kipi kabla ya kubonyeza.

Kamba nayo ina neno lake. Hodari hutumia kamba ya mita 20 mpaka 25. Mwanafunzi apewe fupi, kama mita 12 mpaka 15. Chora herufi V katika daftari lako. Weka kidole karibu na ncha: mistari miwili imekaribiana. Shusha kidole chini: imeachana. Mwenye kamba fupi yuko mahali ambapo mawimbi mawili hayajaachana sana, na safari ya kutoka moja mpaka jingine ni ndogo. Tena karibu na tezi wimbi la mwendo mdogo bado limeshikamana; likiachwa nyuma zaidi, kilele chake huanguka. Na kamba fupi humvuta mtu kuelekea juu kidogo, jambo linalomsaidia kuinuka. Ila isiwe fupi kupita hapo, kwa sababu nitakazozieleza.

Sasa kuondoka. Mwanafunzi amevaa jaketi la kuokolea, amelala chali majini, magoti kifuani, ubao mbele yake umekaa ubavu kwa mashua, mikono imenyooka. Dereva husogea polepole mpaka kamba inyooke. Hapo wengi hukosea kwa kuusukuma mkono wa mafuta kwa nguvu, wakidhani wanamsaidia. Mtu aliyevutwa hivyo hunyang'anywa kamba mikononi. Ongeza kwa mfululizo, bila kurusha. Ubao utaanza kuwasukuma miguu yake kuelekea kifuani. Akivumilia bila kuvuta kamba wala kusimama upesi, maji yenyewe yatamwinua. Akishasimama, akae katikati, ndani ya povu, kati ya mawimbi mawili. Hapo ndipo pa kujifunzia. Kuvuka wimbi ni kazi ya siku nyingine.

Hawezi kuzungumza nanyi, kwa hiyo mkubaliane ishara. Kidole gumba juu, ongeza mwendo. Gumba chini, punguza. Mtazamaji akae akimwangalia mwanafunzi, na dereva atazame mbele. Majimbo mengi ya Marekani yameandika sheria kwamba dereva asimvute mtu peke yake bila mtazamaji, ingawa baadhi hukubali kioo cha kutazamia nyuma. Mimi nisingekitegemea kioo peke yake.

Mwanafunzi akianguka, na ataanguka, usigeuze kwa kasi. Dereva mwenye haraka hupiga mduara mkubwa akiwa katika mwendo ule wa kulima, akayavuruga maji yote. Mwanafunzi aliye majini hupigwa na mawimbi usoni, kisha anaambiwa aanze tena juu ya maji yaliyochafuka. Rudisha mkono wa mafuta mpaka mwisho, acha mashua itulie, ndipo ugeuke polepole na kumrudia, yeye akiwa upande wako ili umwone muda wote. Akikaribia kupanda, zima injini. Si kuitoa gea tu, izime. Rafadha haina huruma, na gea huweza kuingia kwa kuguswa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mashua iendapo polepole, hasa upepo ukitoka nyuma, gesi hiyo hujikusanya tezini. Mtu anayening'inia kwenye jukwaa la tezi huku injini ikiwaka huweza kuzimia, akaachia, akazama kimya. Watu wamekufa hivyo. Mwaka 2004 jimbo la California lilipitisha sheria ya kukataza kuendesha injini huku mtu ameshika jukwaa hilo. Hii ndiyo sababu moja ya kutofupisha kamba kupita kiasi. Ya pili ni rafadha yenyewe.

Mwisho tuwafikirie walio kando. Wimbi halimaliziki pale tunapoacha kulitazama. Linakwenda mpaka lipate ufuko. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitoa taarifa ya vipimo vyao. Waliona kwamba mashua zilizojazwa farumi kwa ajili ya mawimbi makubwa zilihitaji zaidi ya mita 150 toka ufukoni ili wimbi lao lipungue lifanane na la mashua ya kawaida iliyo mita 60 kutoka ufukoni. Mwaka 2024 jimbo la Vermont likaamuru kwamba michezo ya mawimbi hayo makubwa ifanywe mbali na ufuko kwa mita 150 hivi, tena mahali penye kina cha mita 6 au zaidi.

Mashua ya mwanafunzi, iliyo tupu na inayoteleza, haifanyi wimbi kubwa kiasi hicho. Lakini huondoka na kusimama mara nyingi, na kila mara hupita katika mwendo wa kulima. Mwanafunzi mmoja huweza kuanguka mara 20 kwa saa moja. Basi ni mara 20 za mlima wa maji. Kwa hiyo chagua mahali pasipo na mitumbwi wala ngalawa zilizotia nanga, wala watoto wanaooga, wala wanawake wanaotafuta pweza wakati wa maji kupwa. Na ukiona mtumbwi unakuja, usipunguze kidogo tu, maana kupunguza kidogo ndiko kutakakokurudisha kwenye kulima. Ama uwe mbali naye ukiwa unateleza, ama umwache mwanafunzi azame polepole, utambae mpaka mvuvi apite.

Kazi ya wiki hii ni hesabu mbili. Ya kwanza: mashua ina mifuko 4 ya farumi, kila mmoja lita 150, ni kilo ngapi zitakazomwagwa? Ya pili: mashua iliyokuwa ikienda kilomita 15 kwa saa sasa inakwenda kilomita 30, wimbi linaloifuata limezidi urefu mara ngapi? Andikeni majibu kwa maneno na kwa tarakimu, mmwonyeshe mwalimu wenu. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.